Televizio ya HD ku nyumba: ile ya bei muzuri njo ile inadumu

Kila mwisho wa mwezi, wakati mishahara inaingia, unaona kartoni za televizio zinapita juu ya mapikipiki na mu mataksi. Zinatoka ku magazini, zinaenda mu makambi na mu site: Lubumbashi, Kipushi, Likasi, Fungurume, Kolwezi. Ni furaha ya nyumba. Mutu ambaye anashinda chini ya udongo, ao anarudi kutoka karieri na nguo yenye vumbi, naye anapenda aikale na bibi na watoto, aone mupira sawa watu wote. Tunakumbuka mwanzo wa mwaka 2024, wakati Léopards yetu ilifika mpaka nusu fainali ya CAN ku Côte d'Ivoire. Na mu Katanga, wakati Mazembe inacheza, nyumba yenye kioo kizuri inageuka uwanja.

Lakini kuko jambo lingine ambalo watengenezaji wa televizio wanajua. Nyuma ya miezi michache, kartoni haiko tena, na kioo kimekuwa giza. Sauti inasikika, picha hakuna. Ao umeme ulirudi na nguvu usiku moja, asubui televizio haiwaki. Deni lake, lile, lingali lakini linalipwa.

Basi, mbele ya kufungua mufuko, tuangalie pamoja namna ya kuchagua. Hatutakuambia jina la kununua. Majina yanabadilika, bei pia. Tunataka paka uingie ku magazini ukijua kitu unatafuta.

Tuanze na mufuko

Watu wanasema: "Ile ya bei chini njo nilikamata." Bei chini ni nini? Tufanye mfano. Televizio moja inauzishwa 120 dola, inakufa nyuma ya mwaka moja na nusu. Ingine inauzishwa 210 dola, inatumika miaka sita. Ya kwanza ilikukula 80 dola kwa kila mwaka. Ya pili ilikukula 35. Njo hesabu ya kweli: gawanya bei kwa miaka.

Tena televizio iko na mukia. Kuko chombo cha kulinganisha umeme, kuko antena ao dekoda, kuko kulipa abonoma ya kila mwezi, kuko vyuma vya kuifunga ku ukuta. Mutu anayemaliza feza yote juu ya kioo, mukia unamushinda. Kisha anaunganisha televizio mupya na kamba ya zamani, prizi iliyoungua, hakuna ulinzi. Kama uko na 250 dola, hapana kununua kioo cha 250. Nunua cha 190, ingine ibakie kwa mukia.

Na deni? Kila mutu mu muji anajua "banque Lambert". Tufanye mfano tena: unakopa 200 dola kwa asilimia 30 kwa mwezi. Mwezi ukiisha unapaswa kurudisha 260. Ukishindwa, ukilipa paka faida ya 60 kila mwezi, nyuma ya miezi mitatu umetoa 180 dola na deni lako lingali 200 vilevile. Hiyo televizio haiko tena ya bei chini, hata muuzishaji angekupunguzia nusu. Likelemba na wenzako wa posti, ao kuweka kidogo kidogo kwa miezi mine, ni njia ya polepole lakini kioo kinaingia ku nyumba kikiwa chako. Na baba na mama waongee mbele. Mwezi wa tisa minerval ya masomo ya sekondari haingojei mutu, na watoto hawasomi na televizio.

Kamata kamba, pima saloni

Ukubwa wa televizio unapimwa kwa inchi, ile wauzishaji wetu wanaita pouce. Inchi moja ni sentimeta 2,54, na inapimwa kutoka pembe moja ya kioo mpaka pembe ya kuelekeana nayo. Kwa hiyo televizio ya 32 iko na sentimeta 81 kutoka pembe mpaka pembe, na upana wake ni karibu 71. Ya 43 iko na sentimeta 109, upana karibu 95. Ya 55 iko na sentimeta 140, upana karibu 122.

Sasa kamata kamba ao metre ya fundi. Pima kutoka kiti fasi mutaikala mpaka ku ukuta fasi televizio itakuwa. Kanuni ya kusaidia ni hii: urefu ule ugawanye kwa mbili. Kama ni metre mbili, kioo cha karibu sentimeta 100 kutoka pembe mpaka pembe kinatosha, ni kusema kati ya 32 na 43. Kama ni metre mbili na nusu ao zaidi, 50 inaweza kuingia. Mu saloni ndogo ya nyumba ya kambi, 55 inakulazimisha kugeuza shingo kulia na kushoto sawa mutu anayetazama tenisi, na macho yanachoka.

Kuko sababu ingine ya kupima: kioo kikubwa kinaonyesha ubaya wote wa picha. Programu iliyotumwa na picha ya zamani inaonekana safi juu ya 32, lakini juu ya 55 inakuwa na ukungu. Watu wanasema televizio ni mubaya, kumbe picha yenyewe njo ndogo.

HD, Full HD, 4K: hesabu ya nukta

Picha ya televizio inajengwa na nukta ndogo sana, zile wanaita pikseli. Zikiwa mingi, picha inakuwa safi. HD ya kwanza iko na nukta 1280 kwa upana na 720 kwa urefu. Televizio mingi za inchi 32 ziko na 1366 kwa 768. Hiyo pia ni HD. Full HD iko na 1920 kwa 1080, ni kusema zaidi ya nukta milioni mbili. 4K iko na 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni munane.

Apa njo wanakamatia watu. Ku kartoni wanaandika kwa herufi kubwa "Full HD" ao "4K", na chini kwa herufi ndogo wanaeleza kwamba televizio inaweza kupokea picha ya namna ile. Kupokea si kuonyesha. Televizio inaweza kupokea picha ya 1080, lakini kama kioo chake kiko na 768, inaipunguza mpaka 768. Maneno "HD Ready" nayo yako hivyo: kioo kinaweza kuwa cha 720 tu. Basi uliza mustari moja paka: "Résolution ya kioo chenyewe ni ngapi?" Uisome ku karatasi ya kartoni ao mu kitabu kidogo cha ndani. Usikubali jibu la mudomo.

Ya kukamata ni gani? Kwa inchi 32, ukikaa metre mbili, HD ya 1366 kwa 768 inatosha kwa mupira, habari na filme. Kutoka inchi 40 kuenda juu, omba Full HD. 4K ina maana kwa kioo kikubwa, na kama uko na picha ya 4K ya kuweka ndani. Kama bei ya Full HD na ya 4K iko sawasawa, hakuna mubaya kukamata 4K. Lakini kuongeza 100 dola juu ya 4K wakati unatazama paka shene za antena, ni kulipa nukta ambazo hakuna kitu cha kuzijaza.

Kamba ya rangi tatu inaua HD

Hii ni kosa ambalo linaonekana mu nyumba mingi. Mutu ananunua televizio ya HD, dekoda yake nayo ni ya HD, lakini anaziunganisha na ile kamba ya zamani yenye vichwa vitatu: njano, mwekundu, mweupe. Ile kamba haiwezi kupitisha HD. Inapitisha paka picha ya zamani. Televizio ya 300 dola inaonyesha picha sawa ile ya kisanduku cha baba muzee. Dawa yake ni kamba ya HDMI, ya bei kidogo. Angalia kwamba televizio iko na tundu za HDMI ao mbili, na dekoda yako nayo iko na moja. Kisha, mu dekoda, ingia ku réglages, uangalie kama picha iko pa 720 ao 1080.

Kwa wale wanaotumia antena, angalia kama ku kartoni wameandika DVB-T2. Hiyo njo lugha ya TNT ambayo nchi yetu na majirani wengi wa SADC walichagua. Televizio yenye DVB-T2 ndani inaweza kukamata shene za TNT ambazo hazifungwi, bila dekoda ingine. Kama wameandika paka DVB-T bila 2, ao "analogique" tu, utalazimika kununua kisanduku juu yake. Kwa StarTimes, Canal+ ao DStv, dekoda yao njo inafanya kazi. Uwaulize kama dekoda na abonoma unayolipa vinaleta kweli shene za HD.

Umeme: adui wa kwanza

Umeme wetu wa Katanga unatoka ku maporomoko ya Nzilo na Nseke juu ya Lualaba, Mwadingusha na Koni juu ya Lufira, na ku ile laini ndefu ya Inga mpaka Kolwezi, karibu kilometa 1.700. Mashine za mine zinakula sehemu kubwa. Ku site tunabaki na délestage. Sisi tunachimba, mashine inakula, televizio inangojea.

Kukatika kwenyewe hakuui televizio mingi. Kinachoua ni kurudi. Umeme ukirudi, unarudi na kishindo, unapanda na kushuka kwa dakika za kwanza. Basi umeme ukikatika, toa prizi ku ukuta. Ukirudi, ngoja dakika tano mbele ya kuiweka. Watoto wafundishwe hivyo, juu baba iko ku posti na mama iko ku soko.

Pa mugongo wa televizio kuko kikaratasi. Kikisema "100-240V", ni muzuri: hata umeme ukishuka magaribi, wakati ampuli zinakuwa nyekundu, itaendelea kuwaka. Kikisema paka "220-240V", itasumbuka. Lakini hata ile ya 100-240 haikingwi na umeme unaopita 240. Njo maana ya regulateri, ile wengine wanaita stabilizateri: chombo cha kulinganisha umeme. Kwa televizio tu, haiko lazima iwe kubwa. Ukiunganisha frigo pamoja nayo, hesabu inabadilika. Frigo iwe na yake.

Na radi. Kutoka mwezi wa kumi na moja mpaka wa ine, radi za kwetu tunazijua. Kutoa prizi haitoshi. Toa pia kamba ya antena ao ya dish, juu radi inapita apo vilevile.

Wati nazo zihesabiwe. Televizio ya LED ya inchi 32 inakula karibu wati 30 mpaka 50. Ya 55 inaweza kufika 100 na zaidi. Ukitazama saa tano kwa siku na televizio ya wati 50, kwa mwezi ni kilowati-saa 7,5. Na ile ya wati 120, ni 18. Kwa mwenye kuwa na kompta ya kulipa mbele, hiyo tofauti inaonekana.

Kwa familia zinazoikala karibu na karieri, fasi SNEL haifike, kuko matelevizio yanayokubali "DC 12V", yanaweza kuunganishwa ku batri ya jua bila kubadilisha umeme. Tuhesabu: wati 40 kwa saa ine ni 160 kwa usiku moja. Batri ya 12V yenye 50 Ah iko na karibu 600, lakini batri ya risasi haipendi kushushwa zaidi ya nusu. Inabaki 300. Inatosha kwa televizio na ampuli mbili tatu, kama jua lilipiga. Ukikamata televizio ya 220 tu, utahitaji konvertiseri, nayo inakula sehemu ya batri.

Pa magazini: wawashe mbele yako

Hapana kununua kartoni iliyofungwa. Muuzishaji mwaminifu anakubali kuwasha. Kuja na kle USB yako, ndani weka kipande cha mupira na picha za rangi moja moja: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, buluu. Juu ya nyeupe na rangi zingine utaona kama kuko nukta iliyokufa ao mustari. Juu ya nyeusi utaona nukta inayobaki kuwaka, na kama pembe zinatoa mwangaza. Mupira utakuonyesha kama ball inaacha mukia nyuma yake. Iache iwake nusu saa. Sikiliza sauti: televizio bapa ziko na spika ndogo, zingine zinasikika sawa mutu anayezungumza mu kopo.

Soma namba ya kartoni na namba ya pa mugongo. Zikiachana, kartoni haiko yake. Soma pia jina herufi kwa herufi. Kuko majina yanayofanana na majina makubwa, herufi moja tu inageuka.

Faktire iwe na model, namba, tarehe, stampi na miezi ya garanti imeandikwa. Kisha uliza: "Ikiharibika, nani anaitengeneza apa mu muji?" Vitu mingi vinapita Kasumbalesa, vinatoka Dar es Salaam, Zambia ao Afrika ya Kusini. Garanti ya magazini ya kule haikusaidii kama hakuna mutu wa apa anayeikubali. Mbele ya siku ya kununua, pita kwa fundi wa mutaa wako, umuulize ni majina gani anapatia vipande. Taa za nyuma ya kioo zikiungua, fundi anaweza kuzibadilisha. Kioo chenyewe kikipasuka, bei yake inakaribia televizio mupya.

Na zile za occasion, za Bulaya? Kuko za muzuri. Zilizotoka Ulaya zinatumia umeme sawa wetu. Lakini iliyotoka Marekani inaweza kuwa ya 120V tu, ya Japani 100V tu, na antena zao zinatumia lugha ingine. TNT yetu hawaisikii. Soma kikaratasi mbele ya kuweka ku prizi, juu nyuma yake hakuna kuomba musamaha.

"Smart" haiko lazima

Televizio ya smart inaingia ku intaneti. Ni kitu kizuri kwa mwenye Wi-Fi ku nyumba. Lakini saa moja ya filme ya HD inaweza kukula karibu giga 3, na ya 4K karibu 7. Kwa mwenye kununua megabaiti ku simu, filme moja inamaliza forfait. Kama hauna Wi-Fi, kle USB inafanya kazi ileile, na bei inashuka.

Ikishafika ku nyumba

Juu ya pikipiki, kartoni isimame wima. Isilazwe, na mutu asiikalie. Siku ya kwanza, ingia mu réglages, utoe "mode magasin", uweke "mode maison". Mode ya magazini inawasha taa za nyuma kwa nguvu yote juu ya kuvuta wanunuzi. Shusha ile taa mpaka 60 ao 70. Macho yanapumzika, wati zinapungua, na taa zinaishi zaidi. Hii peke yake inaweza kuongezea televizio yako miaka.

Iache nafasi ya sentimeta kumi na ukuta ili ipumue. Wakati wa kiangazi, vumbi la barabara za mine linaingia kila fasi. Upanguse na kitambaa kilaini, kikavu, televizio ikiwa imezimwa. Hakuna maji, hakuna sabuni, hakuna alkoli. Na kama kuko mutoto anayejifunza kutembea, ifunge ku ukuta ao ku meza nzito. Mutoto akivuta meza ndogo, kioo kinamwangukia, na hiyo haiko tena hesabu ya feza.

Kata kipande hiki, uweke mu mufuko

1. Kutoka kiti mpaka ukuta ni metre ngapi? Gawanya kwa mbili.
2. Kioo chenyewe kiko na nukta ngapi, si kile kinapokea?
3. Kuko DVB-T2? Kuko HDMI mbili?
4. Umeme: 100-240V? Wati ngapi?
5. Nani anaitengeneza apa, na garanti imeandikwa fasi gani?
6. Feza ya regulateri na ya kamba ya HDMI imebaki?

Muuzishaji akikosa kujibu maulizo mawili, ao akikataa kuiwasha mbele yako, umusalimie vizuri, uvuke barabara. Magazini ingine iko, na mwezi ujao pia mushahara utaingia.